Sanaa Dhahania Jijini Kampala

Sanaa dhahania haiigi sura ya kitu kama jicho linavyoiona. Msanii huijenga kazi yake kwa mstari, rangi, umbo na hali ya malighafi yenyewe. Vitabu vingi huianza historia yake Ulaya katika miaka ya 1910, Wassily Kandinsky alipoziacha mandhari zake ziyeyuke hadi zikabaki rangi tupu, kisha Kazimir Malevich akaonyesha mraba mweusi juu ya turubai jeupe mwaka 1915. Masimulizi hayo ni sahihi kwa Ulaya, lakini hayamtoshi anayeitazama Uganda. Kwenye miamba ya Nyero, wilayani Kumi, kuna duara ndani ya duara zilizochorwa kwa rangi nyekundu muda mrefu kabla ya turubai la kwanza kufika Kampala, na duara hizo hazifanani na mtu wala mnyama. Wasusi wa vikapu wa Ankole nao wamerithishana nakshi za pembetatu mama kwa binti, bila yeyote kudai kwamba lazima pembetatu ile iwe picha ya kitu fulani.

Buganda ilikuwa na lubugo, nguo ya gome la mti wa mutuba. Fundi huchuna gome wakati wa mvua, kisha hulifunga shina kwa majani ya mgomba ili lisikauke na gome jipya liote. Gome lililochunwa hukwanguliwa, hulainishwa kwa moto na maji, halafu hupondwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji. Nyundo ya kwanza ina mifereji mipana na ya mwisho ina mifereji membamba sana, hivyo kila hatua huacha alama zake, na kipande hutanuka mara kadhaa ya upana wake wa awali. Kikianikwa juani hugeuka rangi ya udongo wa kuchoma. Palipotoboka hutiwa kiraka, na mshono wa kiraka huonekana wazi. Ufundi huu, ambao kiasili ni wa ukoo wa Ngonge, ulitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa urithi wa binadamu. Mafundi hawakuupa jina la sanaa dhahania, wala hawakulihitaji. Hata hivyo, wasanii wa Kampala walipoanza kutafuta njia ya kuachana na kuiga sura, walilikuta gome hilo likiwa tayari na rangi, makunyanzi na mistari yake.

Mafunzo rasmi ya sanaa yalianza mwaka 1937, Margaret Trowell, Mwingereza ambaye mumewe alikuwa daktari katika hospitali ya Mulago, alipoanza kufundisha wanafunzi wachache barazani kwake. Darasa hilo ndilo lililokua likawa shule ya sanaa ya Chuo cha Makerere, na leo linabeba jina lake. Trowell hakutaka wanafunzi wanakili michoro ya Ulaya. Aliwasimulia kisa au tukio kwa maneno, kisha akawaacha wachore walichokiona moyoni. Kazi zilizotokana na njia hiyo zilikuwa za masimulizi: soko, harusi, habari za Biblia. Lakini Trowell huyohuyo alikusanya kwa bidii nakshi za vikapu, vyungu na ngao, na mwaka 1960 akachapisha kitabu kizima kuhusu nakshi za Afrika. Darasani kwake nakshi na picha viliishi kama majirani wasiotembeleana, na hapo ndipo palipokuwa na upungufu mkubwa wa mafunzo yake.

Cecil Todd, aliyetoka Afrika Kusini, alichukua uongozi wa shule hiyo mwaka 1958 na kubadili mwelekeo. Alileta nadharia ya rangi na historia ya sanaa ya dunia, na wanafunzi wakakutana na usasa wa Ulaya ana kwa ana. Miongoni mwa waliyojifunza ni kwamba Picasso na wenzake wa Paris, kuanzia mwaka 1907 hivi, walikuwa wamejifunza kuuvunjavunja mwili kwa kutazama vinyago vya Afrika. Kwa mwanafunzi wa Makerere, usasa haukuwa tena mali ya ugenini pekee.

Mtindo ulioshamiri Kampala tangu hapo ni wa kurahisisha: umbo la mtu au mnyama hubaki, lakini hupunguzwa hadi likasimama kama alama. Gregory Maloba, Mkenya aliyesoma kwa Trowell kisha akafundisha Makerere, aliufuata katika Mnara wa Uhuru wa mwaka 1962, ulio katikati ya jiji. Mwili wa anayemnyanyua mtoto umeviringishwa kama uliofungwa vitambaa, na uzito wote wa kazi unaelekea juu, kwenye mikono ya mtoto. Theresa Musoke, aliyesoma Makerere kisha London na Marekani, alilegeza mpaka zaidi. Katika picha zake za wanyama, pembe na migongo huchomoza kutoka kwenye rangi zilizomwagwa na mistari ya haraka, halafu huzama tena. Mtazamaji huona mwendo wa kundi kabla ya kumtambua mnyama mmoja mmoja.

Mapinduzi ya Idi Amin ya mwaka 1971 yaliusambaratisha uwanja huo wa sanaa. Wengi walihama, na Musoke aliishi Kenya miaka mingi hadi aliporejea mwaka 1997. Francis Nnaggenda, mchongaji aliyesoma Ujerumani, alifanya kinyume: alirudi Makerere mwaka 1978, wakati wengine walikuwa wakiondoka. Katika miaka ya 1980 alichonga kutoka gogo kubwa sanamu ya mhanga wa vita, iliyowekwa kwenye maktaba ya chuo. Viungo vyake vimekatika, mwili umejipinda pamoja na mti wenyewe, lakini umesimama. Uhalisia ungetoa picha ya majeruhi mmoja, lakini kwa kuacha sura na jina, Nnaggenda aliwapa mahali pa kusimama wote waliopoteza watu wao. Hakuna kazi nyingine nchini inayoeleza vizuri kuliko hiyo kwa nini msanii huacha kuiga.

Geoffrey Mukasa, aliyesoma Lucknow, India, alirudi na njia nyingine. Uso wa mwanamke katika turubai zake hugawanywa vipande bapa vya rangi kali, kwa namna ya ukubizimu, mtindo ule wa Picasso na wenzake, kiasi kwamba jicho na shavu huwa sehemu za nakshi moja.

Kizazi cha sasa kimeielekeza dhahania kwenye malighafi. Sanaa Gateja hutumia shanga za karatasi taka: karatasi hukatwa vipande virefu vyembamba, huviringwa, hugandishwa kwa gundi, kisha maelfu yake hushonewa juu ya lubugo hadi yakafanya mawimbi ya rangi yasiyo na mtu wala mti. Acaye Kerunen husuka na kushona ukindu, nyuzi za mgomba na majani, akishirikiana na wanawake wasusi, na kazi zake hushuka ukutani kama mikeka iliyokataa kuwa bapa. Uganda ilipopata banda lake la kwanza katika maonyesho ya Venice mwaka 2022, Kerunen na Collin Sekajugo ndio walioiwakilisha, na banda likatajwa kwa heshima maalumu. Mwaka 2024 Gateja alikuwa miongoni mwa waliolijaza, na Kerunen ndiye aliyelipanga.

Baadhi ya wahakiki husema Kampala haijafikia dhahania kamili kwa kuwa mwili na kitu bado vinachungulia katika kazi nyingi. Hoja hiyo inaipima kwa rula ya Malevich. Nnaggenda aliuhitaji mwili ili kuomboleza, na Gateja anaihitaji karatasi ibaki karatasi, hata herufi za gazeti zionekane kwa atakayesogea karibu.