Sauti na gitare ni mwili mumoja: kutoka Jadotville 1952 mpaka ordinatere yetu

Leo nataka tuongee historia ya kitu kidogo: mtu anaimba, anapiga gitare yeye mwenyewe, na mashine inashika vyote viwili mara moja. Siku hizi kila kartie ya Lubumbashi iko na kijana mwenye ordinatere na mikro, na karibu wote wanarekodi namna moja: gitare kwanza, sauti nyuma. Nikiwauliza juu ya nini, wananijibu: «Njo vile banafanyaka.» Hiyo «vile» ilitoka wapi? Nimeitafuta, na naona jibu linatugusa sisi watu wa Katanga kuliko wengine.

Tuanze Marekani. Les Paul alikuwa mpiga gitare na fundi wa mashine. Mwaka 1948 alitoa «Lover», ambamo yeye peke yake anasikika kama kikundi: alirekodi gitare moja kwenye sahani, akaicheza, akapiga ingine juu yake, hivyo hivyo mpaka zikawa nane. Mwaka 1951, yeye na bibi yake Mary Ford wakafanya vile kwa mkanda, wakatoa «How High the Moon», sauti juu ya sauti, gitare juu ya gitare. Na kazi hiyo waliifanyia nyumbani kwao New York. Mwaka 1957 kampuni Ampex ikamtengenezea mashine ya mistari nane kwenye mkanda mumoja. Tokea hapo kila chombo kikaweza kupata mstari wake, na mtu akaweza kurudilia sehemu yake peke yake bila kusumbua wengine.

Sasa turudi kwetu. Februari 1952, mwaka moja tu nyuma ya ule wimbo wa New York, Mwingereza Hugh Tracey alipita Katanga na mashine zake. Katika barabara za Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, akakuta kijana wa miaka kama 22, Mwenda Jean Bosco, na gitare yake. Tracey alikuwa na desturi ya kushika mikro kwa mkono na kuisogeza yeye mwenyewe mbele ya mwimbaji, akitafuta pahali sauti na chombo vinalingana. Bosco akaimba na kupiga kwa pamoja, na «Masanga» ikashikwa vile ilivyotoka. Sahani za wakati ule, za mizunguko 78, zilibeba karibu dakika tatu kila upande, basi wimbo ulipashwa kuisha mbele ya hapo. Mwaka ule ule jumuiya African Music Society ikaipa «Masanga» tuzo ya kwanza ya Osborn. Kampuni Gallo ya Afrika ya Kusini ikauza sahani za Bosco, na mwaka 1969 alipiga kwenye Newport Folk Festival, kule kule Marekani.

Miaka ni ile ile, lakini njia ni mbili. Na mimi nasema muziki wetu ulizaliwa kwenye njia ya pili.

Sikilizeni mikono ya Bosco. Alipiga kwa vidole viwili: gumba linashika besi, kidole cha shahada kinajibu juu. Sauti haikai pale pale na gumba. Inaingia kidogo mbele, kidogo nyuma. Gitare inapunguka wakati anaimba, inajaza wakati anavuta pumzi. David Rycroft alitumia kurasa za jarida African Music, 1961 na 1962, kuandika kwa noti namna ile gitare inavyobuni papo hapo. Sasa mwambie mtu kama huyo apige gitare peke yake mpaka mwisho, kisha avae kaske aimbe juu yake. Gitare haijue tena wakati gani atavuta pumzi. Niliona hilo kwa mzee mmoja wa Kamalondo, ambaye kijana wa kartie alitaka kumrekodi namna hiyo. Mzee alipiga kidogo tu, akasimama. Akasema: «Nikinyamaza, sijue niko wapi.»

Ile desturi ya kutenganisha iliingia nyumba za watu wa kawaida mwaka 1979, Tascam ilipotoa Portastudio, mashine ya kaseti yenye mistari mine. Programu za ordinatere zikarithi sura ile ile. Fungua Audacity, ambayo ni ya bure tangu mwaka 2000: utaona mistari imelala moja chini ya ingine, kila moja ikingoja chombo chake. Kijana akiona vile, anafikiri muziki wenyewe ndio unaomba hivyo.

Lakini kwa mwenye mfuko mwepesi, njia ya Jadotville ni rahisi kuliko. Tundu la mikro la ordinatere ya kawaida linapokea mikro moja. Ukichomeka mikro mbili za USB, kila moja inahesabu wakati kwa saa yake, na wimbo ukiwa mrefu zinaanza kuachana. Ukipata kisanduku cha sauti chenye matundu mawili, utaweka mikro moja mdomoni na ingine kwenye gitare, lakini ile ya gitare itasikia uimbaji pia, kwa kuchelewa. Mwendo wa sauti ni karibu mita 340 kwa sekunde, basi kila sentimita 34 ni sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ni kidogo, lakini ukichanganya mikro zote mbili, sauti zingine zinafutana, na mwimbaji anasikika sawa yuko ndani ya bomba. Mafundi wanasema umbali kati ya mikro mbili uwe mara tatu ya umbali wa kila mikro na chombo chake. Kati ya mdomo na gitare ya mtu mmoja, hiyo nafasi utaitoa wapi?

Mikro moja haina shida hiyo. Iweke usawa wa kifua, karibu nusu mita mbele yake. Sauti ikifunika gitare, ishushe; gitare ikifunika sauti, ipandishe. Unasikiliza, unasogeza, sawa Tracey na mkono wake. Tundika blanketi ukutani ili chumba kisirudishe mwangwi. Chomoa chaja, tumia batri: mvumo wa kuran utapunguka, na kuran ikikatika katikati ya wimbo, haupoteze kitu. Sauti isifike kilele kabisa, juu ikishakatwa kichwa hairudi tena. Hifadhi kwa WAV. MP3 ni ya kutuma WhatsApp. Na dakika tatu hazitubani tena: mzee akitaka kupiga dakika 15, mwache apige.

Bosco alikufa mwaka 1990 kwa ajali ya barabarani. Rekodi za Tracey ziko kwa International Library of African Music, aliyoianzisha mwaka 1954, leo ndani ya Rhodes University, mji wa Makhanda, Afrika ya Kusini. Namheshimu kwa kazi ile. Lakini ni yeye aliyechagua nani arekodiwe, na kumbukumbu ya barabara za Likasi inalindwa mbali sana na Likasi. Sisi tuko na diplome, tuko na ordinatere, na tunaelewa maneno ya nyimbo bila mkalimani.

Basi pendekezo langu ni hili: likizo hii, kila mmoja wetu atafute mzee mmoja anayepiga na kuimba. Amwombe ruhusa. Arekodi vyote viwili pamoja. Aandike jina, pahali, tarehe, namna nyuzi zimefungwa, na maana ya maneno kama mzee mwenyewe anavyoieleza. Kopi moja ibaki kwa familia. Wanaotaka kusafisha na kupamba watafanya baadaye; mzee hatarudi kupiga mara ya pili.

Mwenye anajua mzee kama huyo Likasi, Kolwezi, Kipushi ao Kasumbalesa, aandike hapa chini.