Mwaka Shangazi Alipohitimu

Shangazi yangu aliishia darasa la nne, lakini mwaka 2023 alihitimu. Ndilo neno la TASAF: kaya ikipimwa na kuonekana imejikwamua, imehitimu, na ruzuku inakoma. Kwa miaka minane ruzuku hiyo ilimnunulia kuku, na kuku wakawanunulia mabinti zake madaftari.

Hatua ya pili ingekuwa mkopo wa halmashauri. Tangu miaka ya 1990 halmashauri ziliagizwa kuwatengea wanawake na vijana sehemu ya mapato yake. Mwaka 2018 agizo likawa sheria: asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba.

Shangazi na majirani zake wakaunda kikundi na kuandika andiko la mradi. Lakini Aprili 2023 serikali ilikuwa imesitisha mikopo hiyo. Fedha nyingi hazikurejeshwa, na ukaguzi ulikuta hata vikundi hewa. Ilirudi mwaka 2024.

Sababu ilikuwa na mashiko. Ila ruzuku ilikwisha, mkopo ulisimama, na kuku hula kila siku. Shangazi akaingia kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba ya kutisha. Dirisha la halmashauri lilipofunguliwa tena, banda lake lilikuwa tupu.

Nilimuuliza kama kweli alikuwa amehitimu.

“Nilihitimu, mwanangu,” akasema. “Ila nilipofika chuoni, nikakuta kimefungwa.”