Vita ya Likasi, franga ya Afrika ya Kusini

Wengi wetu tumeona filme The Siege of Jadotville. Jadotville njo Likasi yetu, kilometa kama 120 toka Lubumbashi. Mu Septemba 1961, askari zaidi ya 150 wa Ireland, walinzi wa ONU, walizungukwa pale siku tano na jandarma wa Katanga pamoja na mamluki. Risasi zikaisha, maji vilevile, wakajitoa.

Lakini filme yenyewe walipigia Afrika ya Kusini. Kule serikali inarudishia watengenezaji wa inje sehemu ya franga wanazotumia inchini. Mafundi, madereva, wapishi, hoteli: bajeti ililiwa kule. Mu 2016 Netflix ikaionyesha dunia nzima. Faida yake haitoke sana mu tiketi za mulango, inatoka kwa wateja wanaolipa kila mwezi. Likasi ilitoa paka jina.

Tusiseme basi kwamba tunakosa mamilioni. Kule Wakaliga, Kampala, mu 2010 Nabwana alitoa filme ya mapigano, Who Killed Captain Alex?, kwa dola zisizofika 200. Waigizaji wenyewe wakauzisha DVD nyumba kwa nyumba. Vita ilipiganwa kwetu. Siku gani hesabu yake itafanyiwa kwetu?