Seva yako ikiungua leo, nakala ya data iko wapi?

Usiku wa kuamkia Machi 10, 2021, moto uliwaka kwenye kituo cha data cha kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Jengo moja liliteketea lote, la pili likaungua sehemu. Hakuna aliyeumia, ila watengenezaji wa mchezo wa Rust walitangaza kuwa data ya seva zao 25 za Ulaya haitarudi tena. Wapo pia wateja waliokuwa na nakala, lakini zilikuwa hapo hapo. Zikaungua pamoja na seva.

Kama una seva ndogo ya duka, shule au blogu, panga hivi:

Kanuni ya 3-2-1
Kuwa na nakala 3 za data, kwenye vifaa vya aina 2, na 1 ikae mbali. Mbali si diski nyingine ndani ya seva ile ile. Ni jengo jingine, ikiwezekana mji mwingine, na akaunti nyingine pia. Ukitumia akaunti moja kwa kila kitu, mdukuzi akiipata anafuta seva na nakala kwa mpigo.

Jiulize maswali mawili
Unaweza kupoteza kazi ya muda gani? Duka linalopokea oda kutwa linahitaji nakala kila saa. Blogu, mara moja kwa siku inatosha.

Unaweza kukaa bila tovuti kwa muda gani? Piga hesabu: kushusha GB 40 kwa intaneti ya Mbps 10 kunachukua karibu saa 9.

Unahifadhi nini?
Usinakili faili za kanzidata wakati inafanya kazi, zinaweza kutoka zimeharibika. Itoe kwanza kwa mysqldump au pg_dump. Ongeza picha na faili za watumiaji, pamoja na mipangilio ya seva. Kisha tumia programu kama restic au BorgBackup. Hizi hutuma mabadiliko tu, na hufunga data kwa neno la siri kabla haijaondoka. Neno hilo liandike mahali pengine pia. Likipotea, nakala haifunguki.

Nje ya nchi au nyumbani?
Zote mbili. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikasuasua Tanzania na Kenya. Siku kama hiyo nakala iliyoko Ulaya ni salama, ila kuivuta ni shughuli. Weka nyingine kwenye diski ya nje, na uichomoe ukimaliza kunakili.

Jaribu kurejesha
Hapa ndipo wengi tunazembea. Januari 31, 2017, mhandisi wa GitLab alifuta kwa bahati mbaya kanzidata ya seva kuu akidhani yuko kwenye seva nyingine. Walipotafuta nakala za pg_dump, kumbe zilikuwa zinafeli kimya kimya, na barua pepe za tahadhari hazikuwafikia. Wakaokolewa na nakala iliyochukuliwa saa 6 kabla. Kilichoingia baada ya hapo kilipotea.

Kwa hiyo chagua siku moja kila mwezi. Rejesha nakala kwenye kompyuta nyingine, fungua tovuti, ingia kama mteja, angalia oda ya mwisho kama ipo. Ikikosekana, bora ujue leo kuliko siku ya moto.