UZI: Tukisema "chifu", tunamaanisha nani?

1/ Kila mjadala wa ugatuzi ukipamba moto, hili linarudi: machifu wabaki ama waende? Watu wanagombana hadi usiku, kumbe kila mtu ana chifu wake kichwani. Nasoma sayansi ya siasa, naishi Kondele. Wacha tulifungue hili neno.

2/ Ni neno la Kiingereza na lina maana kibao. Hapa kwa steji, boda akikuita "chief" anataka tu upande. Kwa Kiingereza neno hilohilo liko kwenye cheo cha Jaji Mkuu na cha maafisa wakuu wa kaunti. Hao si shida. Tunayegombania ni yule wa lokesheni.

3/ Waingereza walipofika Nyanza walikuta ruoth, kiongozi aliyetegemea ukoo na wazee. Sheria ya 1902, halafu ya 1912, zikaleta mtu tofauti: anateuliwa na serikali, na serikali ndiyo inamfuta. Kazi yake ni kodi, barabara na vibarua. Kwa Kiingereza wakamwita chief. Kwa Dholuo naye akaitwa ruoth. Mkanganyiko ukaanzia hapo.

4/ Desemba 1921, huko Lundha, Gem, mkutano uliozaa Young Kavirondo Association (Piny Owacho) ulilalamikia kodi, kipande na kambi za kazi. Na kodi hiyo ilikuwa inafikishwa mlangoni na nani? Chifu.

5/ Sheria ya Machifu ya 1937 ikampa nguvu zaidi. Uhuru ukaja, sheria ikabaki. Mageuzi ya 1997 yakampunguzia meno, kama kulazimisha watu kazi. Katiba ya 2010 ikatoa miaka 5 utawala wa mikoa upangwe upya uendane na ugatuzi. Chifu bado yuko, chini ya serikali ya kitaifa.

6/ Ndugu zetu Watanzania wakisema "sisi tulifuta machifu 1963", ni kweli. Lakini waliofutiwa mamlaka ni watawala wa jadi. Chifu wa kwetu ni mfanyakazi wa serikali. Usilinganishe hao wawili.

7/ Kwa hivyo mtu akisema "chifu ni mila yetu, msimguse", muulize: mila gani inatangaza nafasi ya kazi na kulipa mshahara? Na akisema "afutwe kesho", muulize: kijana wa Kondele anayetafuta kitambulisho barua ataandikiwa na nani?

8/ Swali lenyewe, kwa maoni yangu, ni hili: chifu anawajibika kwa nani? Hukumpigia kura. Gavana hawezi kumfuta. Akikukosea leo, unampeleka wapi? Mwanasiasa yeyote anayetaka kura yako kwa hii mada ajibu hapo kwanza. Na wewe, ungependa awe chini ya nani? Nijibu hapo chini, bila matusi.