Fahamu Steel Battalion, gemu ya roboti ambayo ukifa inakufutia kila kitu

Gemu nyingi ukifa unaanza tena pale ulipoishia. Steel Battalion haina huruma hiyo. Roboti yako ikilipuka ukiwa bado ndani, gemu inafuta kumbukumbu yako yote, hata kama umecheza wiki nzima. Unarudi sifuri.

Gemu hii ilitengenezwa na kampuni ya Capcom ya Japani kwa ajili ya Xbox ya kwanza. Ilitoka mwaka 2002, Japani mwezi Septemba na Marekani mwezi Novemba. Kwao Wajapani inaitwa Tekki.

Haichezwi kwa pedi ya kawaida

Ndani ya boksi kulikuwa na kifaa chake maalumu cha kuendeshea, kipana kiasi cha kujaza meza. Kina vitufe karibu 40, mikono miwili ya kushika, gia ya pembeni na pedali 3 za kukanyaga chini. Bila kifaa hicho, gemu haichezeki.

Bei nayo haikuwa mchezo. Marekani iliuzwa dola 200, wakati Xbox yenyewe ilikuwa imeshushwa hadi dola 199. Yaani gemu moja bei ya mashine nzima!

Kuiwasha tu ni kazi

Roboti za humu zinaitwa VT, na zinachukuliwa kama vifaru vinavyotembea kwa miguu. Huwezi kukurupuka ukaanza kupiga risasi. Kwanza unafunga mlango, unawasha mitambo, unapandisha swichi 5 moja baada ya nyingine, halafu unabonyeza kitufe cha kuanzia.

Ukishaondoka, unabadilisha gia kama dereva wa lori. Ukikata kona kwa kasi, roboti inaanguka chini. Kioo kikichafuka, kuna kitufe cha kukisafisha. Ukishika moto, kuna kitufe cha kuuzima. Huku mikono ikihangaika na hayo, adui anakupiga.

Kitufe chekundu

Pembeni kuna kitufe kikubwa chekundu kilichofunikwa kwa kava la plastiki. Hicho ndicho cha kujirusha nje. Roboti ikikaribia kulipuka, kengele inalia na kitufe kinawaka taa. Unatakiwa ufunue kava na kubonyeza haraka.

Ukiwahi, roboti imekwenda lakini rubani wako yuko hai, na kumbukumbu yako imebaki. Ukichelewa, rubani amekufa na kila kitu kimefutwa.

Hapo ndipo wachezaji wengi waliponaswa. Si kwamba hawakukiona kitufe. Walikuwa wanajiambia, "ngoja nimmalizie huyu mmoja kwanza." Sekunde hizo mbili tatu za tamaa ndizo zilizowagharimu. Kwenye gemu nyingine kukimbia ni aibu, lakini humu anayejua kukimbia mapema ndiye anayefika mbali.

Ndiyo maana hata kava lile lina kazi yake. Linakulinda usibonyeze kwa bahati mbaya, lakini pia linakulazimisha uamue kwa mkono wako kwamba vita hii umeshindwa.

Zilizofuata

Mwaka 2004 ilitoka Line of Contact, ya kupigana na watu wengine mtandaoni kwa kutumia kifaa kilekile. Seva zake zilizimwa mwaka 2005.

Mwaka 2012 ikaja Heavy Armor ya Xbox 360, iliyotengenezwa na FromSoftware. Hiyo iliondoa meza ya vitufe na kutumia Kinect, kamera inayofuata mwendo wa mwili. Ilikosolewa sana, kwa sababu mchezaji alinyoosha mkono afanye hiki, kamera ikaelewa kile.

Rubani aliyezoea kifaa cha 2002 alijua kitu kimoja: akibonyeza kitufe chekundu kwa wakati, anatoka mzima. Akichelewa, wa kulaumiwa ni yeye mwenyewe.