Mzazi Aseme Angali na Kauli



Wahenga walinena: mficha maradhi, kifo humuumbua. Katika utume wetu tumeitwa mara nyingi usiku kumpaka mgonjwa mafuta matakatifu, tukawakuta watoto wake, watu wazima wenye familia zao, wakibishana kando ya kitanda: apasuliwe au asipasuliwe, apelekwe mjini au abaki nyumbani. Baba hana tena kauli, na alipokuwa nayo hakusema.

Historia ya Mababa Watakatifu wa zama zetu yatufundisha njia nyingine. Mwaka 1965 Papa Paulo VI aliandika barua ya kujiuzulu, itumike endapo maradhi mazito yangemzuia kutimiza wajibu wake. Papa Yohane Paulo II, aliyetetemeka mkono mbele ya ulimwengu mzima, mwaka 1999 aliwaandikia wazee barua akiwa mzee mwenzao wa miaka 79. Tarehe 11 Februari 2013, Papa Benedikto XVI, mwenye miaka 85, aliwatamkia makardinali kwamba kwa sababu ya uzee nguvu zake hazikutosha tena. Naye Papa Fransisko alieleza mwaka 2022 kwamba tangu 2013 alikwisha kutia sahihi barua kama ile ya Paulo VI na kuikabidhi kwa Katibu wa Vatikani.

Wengi wetu huogopa kwamba kuyataja mambo haya ni uchuro. Lakini tutazame: baada ya barua yake Paulo VI aliishi miaka 13 zaidi, hadi Agosti 1978, Fransisko aliishi takriban miaka 12, hadi Aprili 2025. Wote wawili walifariki wangali Mapapa, na barua zao hazikutumika. Karatasi haikuleta kifo, iliondoa hofu.

Basi, ninyi wazazi, waketisheni wanenu. Waambieni mnaugua nini, mnatumia dawa gani, kadi ya bima iko wapi, na nani atasema kwa niaba yenu mtakapoishiwa kauli. Nanyi watoto, waulizeni wazazi kwa heshima, mkianza na afya yao kabla ya shamba na nyumba. Mazungumzo ya jioni moja yaweza kuwaepusha ndugu na ugomvi wa miaka mingi.

Mungu awabariki.